Kikongwe Aliyenipa Shikamoo

Mama yake bibi yako alikuwa mtoto wa nani?

Jiulize kabla hujaendelea kusoma. Simsemi mama yako wala bibi yako. Namsema mama aliyemzaa bibi. Alizaliwa wapi? Baba yake aliitwaje? Mimi niliulizwa swali hilo mbele ya watu kumi na wawili, kwenye sebule ya baba yangu kule Ilemela, nimevaa gauni jipya, nimeshika sinia la soda. Nilikuwa na shahada ya chuo kikuu, tena ya historia, na sikuwa na jibu.

Haya yalinipata mimi mwenyewe. Sikusimuliwa na mtu. Najua visa vya namna hii vinavyosomwa, maana hata mimi nilikuwa navisoma hivyo hivyo: nacheka huku natafuta mahali msimulizi alipoongeza chumvi. Tafuta na wewe. Ukipapata utakuwa umenisaidia, kwa kuwa mimi nimetafuta miaka mingi na sijapapata.

Ilikuwa miaka ya tisini. Waliotutangulia chuoni walitoka na barua ya kazi mkononi. Sisi tulitoka na vyeti, tukaambiwa serikali imeacha kuajiri, kila mtu ajitafutie. Baba alikuwa amepunguzwa kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Mjini maduka yalikuwa yamejaa vitu kuliko nilivyowahi kuona utotoni, na ndege za kubeba minofu ya sangara zilipita juu ya bati letu mpaka vikombe vikatikisika kabatini. Mimi nikafungua darasa la tuisheni Buzuruga, kwenye chumba cha nyuma ya duka la vipuri. Watoto wa shule ya msingi walikuja kwa zamu, asubuhi na jioni. Kila aliyeingia alisema, "Shikamoo dada," nami bila kuinua macho kwenye madaftari nilisema, "Marahaba." Mara mia kwa siku, siku sita kwa wiki.

Mafuru nilimpata hapo hapo. Alikuwa fundi wa mitambo ya barafu kwenye kiwanda kimoja cha samaki, Mjita wa Majita, mkoa wa Mara. Alikuja kununua mkanda wa mashine, akachungulia dirishani nikiwa nafundisha hesabu za sehemu, akasema, "Mwalimu, yule wa nyuma amelala. Na wewe unakaribia." Darasa zima likacheka. Wiki mbili baadaye sikuwa na hamu ya kula siku asipopita.

Kwa hiyo walipokuja kuposa nilikuwa na furaha, sitaki kujifanya. Walikuja na baba yake mdogo, mzee mrefu mwenye kofia ya kitambaa ambayo hakuivua. Soda zikanywewa, mambo yakaenda vizuri. Ndipo akaanza kuuliza koo. Baba akataja zake, akataja za mama, akataja za babu. Yule mzee alikuwa anaitikia kwa kichwa tu.

"Na mama yake marehemu mama yako?" akauliza.

"Huyo aliitwa Magdalena," baba akasema. "Alilelewa misheni, huko upande wa Magu."

"Misheni haizai mtu, mzee mwenzangu. Alikuwa wa nani?"

Shangazi yangu, ambaye hajawahi kushindwa kujibu kitu, alitazama miguu yake.

Mzee akaeleza bila ukali. Kwao walipotelewa na binti enzi za Mjerumani, wakati wa njaa. Alivushwa kwa mtumbwi kuletwa misheni ya upande wetu ili apate kula, na hakurudi. Tangu hapo familia yao haioi kutoka pande hizi mpaka ijue, isije ikaoa damu yake yenyewe. "Tuleteeni ukoo wa huyo Magdalena kabla ya Kwaresima," akasema. "Ukiwa wowote ule usio wetu, sisi tunaleta ng'ombe, na Pasaka ikiisha watoto wanafunga ndoa."

"Wasichana waliolelewa misheni ni wengi kama dagaa!" shangazi akapata sauti. "Sasa mnataka tuwafufue wote tuwahoji?"

Watu walicheka. Baba mdogo hakucheka.

Kesho yake Mafuru alinifuata darasani. "Danganya," akasema. "Sema alikuwa Mnyamwezi. Nani atapanda treni kwenda Tabora kuuliza?"

"Sidanganyi."

"Basi tutazeeka hivi hivi, kila mtu kwao, tunaandikiana barua."

Nikamwambia nitautafuta huo ukoo na nitaupata. Si ndiyo kazi niliyosomea? Niliamini kila kitu kilichowahi kutokea kimeacha alama mahali, na anayeshindwa kuiona hajatafuta vizuri. Mizimu, laana, damu inayoita damu, hayo kwangu yalikuwa maneno ya watu waliokosa karatasi.

Misheni yenyewe iko ufukweni. Nilipanda basi hadi Magu, nikadandia baiskeli ya mtu, nikamalizia kwa miguu. Katekista alinipokea vizuri, akanipa uji, akanitolea vitabu vya ubatizo. Cha pili, cha tatu, cha nne.

"Cha kwanza kiko wapi?"

"Kilikuwa kimeanza kuliwa na mchwa. Kikachukuliwa kwenda kutengenezwa."

"Wapi?"

"Aliyekichukua ndiye aliyejua, na yeye ameshafariki." Akanitazama kwa huruma. "Hata mimi jina la babu yangu limo mle, dada."

Katika kitabu cha pili nilimkuta Magdalena akiwa tayari ameolewa, anambatizisha mtoto wake wa kwanza, yaani bibi yangu. Mahali pa kuandika asili ya mama, mtu aliyekuwa na mwandiko mzuri sana ameandika maneno mawili: *wa misheni*. Nilikaa nayaangalia kama mtu aliyefungiwa mlango usoni.

Ilikuwa saa sita mchana. Gari la kunirudisha lilikuwa la saa tisa. Nikatia mkoba begani, nikawapita kina mama waliokuwa kazini bila kuwatazama, nikashuka ufukweni kutafuta kivuli.

Mwaka ule magugu maji yalikuwa yamelifunika ziwa upande ule. Mtu asiyeyaona hawezi kuelewa. Kuanzia kwenye mchanga hadi mbali, kijani kitupu na maua ya zambarau, yamesongamana hata mitumbwi ilikuwa imevutwa nchi kavu kwa kukosa njia. Maji hayakuonekana. Nilikaa chini ya jiwe kubwa, nimegeuzia ziwa bega, nikafungua daftari niandike nilichoshindwa kupata.

"Shikamoo dada."

"Marahaba," nikajibu, kalamu inaendelea.

Niliandika labda maneno matatu zaidi ndipo sauti ile ikanifika akilini. Haikuwa ya mtoto. Nikainua macho. Mbele yangu alikuwa amepiga magoti bibi kizee, mzee kuliko mtu yeyote niliyepata kumwona, mwembamba, amejifunga kaniki nyeusi ya aina wasiyoivaa tena watu. Kaniki ilikuwa imelowa hadi kifuani na inatiririka. Alikuwa ametokea upande wa ziwa. Nyuma yake magugu yalikuwa mazima, hayana upenyo hata wa bata.

Ungefanya nini? Mimi nilifanya ambalo ungefanya na wewe: nikaona haya. Mtu wa miaka tisini kanipigia magoti, nami nimemwitikia kama mtoto wa darasa la tatu. Nikaruka kusimama. "Samahani bibi. Shikamoo!"

Hakuitikia. Aliinamisha kichwa tu, kama tunavyofanya tukisubiri mkubwa amalize kusema.

"Umekuja," akasema. Kiswahili chake kilikuwa kizito, na Kijita kinatokeza chini yake kama mawe chini ya maji. Kijita kidogo nilikijua kwa Mafuru.

"Nimekuja, bibi. Nilikuwa pale juu ofisini."

"Walikupa chakula?"

Nikadhani anasemea ule uji. "Walinipa. Nimekula, nimeshiba."

Akafunika uso kwa viganja vyote viwili, mabega yanatetemeka. Sikujua kama analia au anacheka. "Mama alisema watakupa," akasema humo humo viganjani. "Mimi nilisema watakuuza."

Hapo ndipo ningeondoka, eh? Mtu mwenye akili zake angeondoka. Lakini ngoja niseme ukweli wangu wote: sikuogopa. Nilishikwa na tamaa. Mbele yangu alikuwapo mtu wa enzi zile, Mjita, ufukweni pa misheni ile ile, anaongelea binti aliyeletwa kulishwa. Kitabu kimeliwa na mchwa, na huyu hapa ni kitabu kinachoongea. Nikaketi, nikafungua ukurasa mpya, nikaanza kumhoji kama tulivyofundishwa: polepole, maswali mafupi, usimwekee mtu maneno mdomoni.

"Baba aliitwa nani?"

Alishangaa. "Umemsahau baba?"

"Nitajie wewe."

"Bwire. Wa mkono mmoja. Huu wa kushoto mamba alimwachia kiwiko."

Nikaandika. "Na ukoo wetu?"

Akautaja. Sitauandika hapa kwa sababu wenyewe wapo na wanasoma. Ulikuwa ukoo wa Mafuru. Kalamu ilisimama, nikailazimisha iende.

"Na mimi," nikasema, na mpaka leo sijui kwa nini niliuliza hivyo badala ya kuuliza 'na Magdalena'. "Mimi ni nani?"

Akanyoosha mikono akanishika vifundo vya miguu, vyote viwili. Mikono yake ilikuwa baridi kama kitu kilichotolewa kwenye yale majokofu ya Mafuru. "Nyanjura," akasema. "Dada yangu Nyanjura."

Ningeweza kusema, mimi siye. Maneno mawili tu. Sikusema. Niliandika: *Nyanjura. Jina la nyumbani la Magdalena?* Halafu, Mungu anisamehe, nikafuta ile alama ya kuuliza.

Akanisimulia. Waliachana alfajiri. Mtumbwi ulikuwa na nafasi ya mtoto mmoja, wakamchukua mkubwa. Yule mkubwa alimwambia: kaa karibu na maji, usiondoke mpaka nije. Akakaa. Baadaye akavuka kumfuata. "Nikauliza pale juu," akasema. "Nyanjura, Nyanjura. Wananipita tu. Wao wanajua kina Maria na kina Yosefina."

Kisha akanitazama usoni kwa mara ya kwanza. Macho yake yalikuwa na ukungu wa uzee, lakini namna alivyotazama ilikuwa ya mtoto anayesubiri ruhusa.

"Sasa niondoke?"

"Unakwenda wapi, bibi?"

"Ulisema nisiondoke mpaka uje. Umekuja. Niondoke?"

"Nenda tu, bibi."

"Usiniite bibi."

"Nenda," nikasema, "nenda, mdogo wangu."

Akaniachia miguu, akainuka bila kushika chini, akageuka alikotoka. Mimi nikainama kwenye daftari haraka niandike yale ya mwisho kabla sijayasahau. Mistari mitatu. Nilipoinua kichwa, mbele yangu ufukwe ulikuwa mtupu, magugu yamejifunga vilevile, na ndege mdogo mwenye vidole virefu anatembea juu yake taratibu kama yuko kwenye zulia.

Gari la saa tisa nililiwahi. Njia nzima nilijieleza. Bibi mgonjwa wa akili, mwenyeji wa pale, amepita kando ya jiwe, sikumwona. Kulowa? Alikuwa anafua. Hesabu ya umri nayo ilikubali: binti mdogo wakati wa Mjerumani, leo angekuwa na miaka tisini na kitu. Alikuwa shahidi hai, basi. Na shahidi anapimwa. Nilikuwa mtu wa kupima, si mtu wa kuamini.

Kwa hiyo nilimpima. Jumapili iliyofuata nilikwenda na Mafuru hadi Majita, kwa baba yake mdogo. Sikumwambia mtu nilichonacho. Nikauliza kwa ujanja wangu wa shule, "Baba, huyo binti wenu aliyepotea, baba yake alikuwa na alama yoyote mwilini?"

Yule mzee aliacha kutafuna. "Nani amekuambia kuhusu mkono?"

Mimi sikuwa nimetaja mkono.

Nikatoa daftari, nikasoma. Bwire. Kiwiko cha kushoto. Mtumbwi wenye nafasi moja. Nilipofika kwenye jina Nyanjura, nililoliandika kuwa la nyumbani la Magdalena, mzee akavua ile kofia. Kichwa chake kilikuwa na mvi nyeupe kabisa, na machozi yalimtoka bila yeye kuyafuta.

"Na mdogo wake," nikauliza, "yule aliyebaki ufukweni, bado yupo?"

"Mdogo wake?" akasema. "Mdogo wake alizama. Alichukua mtumbwi peke yake akamfuate dada yake, mtumbwi ukapatikana mtupu. Mimi sijazaliwa, na baba yangu alikuwa bado ananyonya." Akanitazama. "Aliyekusimulia haya ni nani?"

Aliyezama alikuwa mtoto, na niliyemwona mimi alikuwa kikongwe, kana kwamba amezeeka humo majini akisubiri. Nilisikia baridi ikinipanda kutoka vifundoni.

Je, unadhani walinifukuza? Ingekuwa nafuu. Walichinja mbuzi. Wanawake walipiga vigelegele, watoto wakaitwa kutoka mashambani waje kuiona damu ya Nyanjura iliyorudi. Mama mmoja alinishika mashavu akasema pua yangu ni ya kwao. Baba mdogo akanikalisha kando yake akatangaza: huyu ni binti yetu. Kisha akasema, kwa upole wote wa dunia, "Mafuru, mwanangu, huyu sasa ni dada yako." Siku moja nilipata ukoo mzima, na mume nikampoteza kwenye sahani ile ile ya nyama.

Mafuru alinisindikiza hadi barabarani. Basi lilipoonekana kwa mbali ndipo akaniuliza.

"Ulishindwa kudanganya hata kwa ajili yangu?"

"Ni kweli, Mafuru. Nimeithibitisha."

"Kweli ya nani?" akasema.

Nilipanda basi. Swali lake nililiona la hasira tu, la mtu ambaye hakusoma mbinu za utafiti.

Pasaka ilipita. Mvua zikaja zikaisha. Sikuwa nalala vizuri, na miguu yangu ilikuwa na shida nitakayoieleza. Nikaamua kurudi ufukweni kumtafuta yule bibi, nimwone akila, nimwone akipiga chafya, kitu chochote cha mtu hai. Nilikuta kina mama wanaanika dagaa. Mmoja wao, Mama Kulwa, alinitazama kutoka kichwani hadi viatuni.

"Kumbe ndiye wewe," akasema kabla sijafungua mdomo. "Mwenye mkoba. Ndiye uliyemwitikia, tulikuona kwa mbali."

"Mnamjua?"

"Nani hapa asiyemjua? Mwanamke akikaa peke yake saa sita pale kwenye jiwe, anatokea, anapiga magoti, 'Shikamoo dada.' Tunamwambia, 'Siye mimi, bibi.' Basi, anapita zake. Mama yangu alimjibu hivyo, mimi nimemjibu hivyo, binti zangu pia. Hata masista wanajua. Hana ugomvi na mtu."

"Yaani humsalimia kila mwanamke?"

"Kila mmoja. Anatafuta wake."

"Mbona siku ile hamkuniambia?"

Mama Kulwa akageuza dagaa kwa fagio, pole pole. "Ulipita hapa na kiatu chako, hata 'habari za kazi' hukusema. Ungesalimu ningekuambia." Wenzake wakacheka kichinichini. Halafu akaacha kucheka. "Tangu siku ile hatujamwona tena. Wewe umempa ruhusa."

"Amekwenda wapi?"

"Utaniuliza mimi? Si wewe ndiye dada yake?"

Hata hapo nilijishikilia. Nikajiambia: labda kwa wengine alibahatisha, kwangu ndipo alipopatia. Lazima alipatia. Kama hakupatia, nilichofanya kilikuwa nini? Sikumrudia baba mdogo kumweleza. Ningesemaje? Kwamba yule binti yao waliyemchinjia mbuzi labda si wao, na kwamba mtoto wao aliyezama nimemwambia aende zake, kwa jina la mtu mwingine?

Mafuru alioa mwaka uliofuata, mwalimu wa Ukerewe, mwanamke mzuri. Nilialikwa. Waliniweka meza ya dada za bwana harusi, wakanishonea kitenge cha sare. Bibi harusi alipokuja kutusalimia aliniita wifi, nami nikatabasamu kwenye picha. Picha ninayo.

Sasa kuhusu miguu. Kuanzia vifundoni kwenda chini haipati joto. Mwanza hii hii, Januari, jua la kupasua mawe, mimi navaa soksi mbili. Nimepimwa hospitali tatu, damu inazunguka vizuri, hakuna ugonjwa. Daktari mmoja aliniuliza kama nafanya kazi kwenye chumba cha barafu. Na tangu siku ile sijasema tena neno 'marahaba'. Wanafunzi wangu, wapangaji wangu, watoto wa ndugu zangu wakiniamkia nasema, "Hujambo mwanangu," huku namtazama usoni anayeniamkia. Wengi wananiona nina maringo. Waache wanione hivyo.

Nakuambia wewe unayesoma, hasa wewe uliyesoma sana: ukisalimiwa salamu iliyokuzidi umri, inua macho kwanza. Na ukimuuliza mtu wewe ni nani, hakikisha umejua kwanza yeye anadhani anaongea na nani. Mimi nilimpima yule bibi kila neno, na kila neno lilikuwa kweli. Sikupima jambo moja tu, kama maneno yale yalikuwa yangu.

Hayo niliyajua kwa kuhisi. Kwa uhakika nimeyajua juzi tu, nywele zimeshaanza kubadilika rangi. Kitabu cha kwanza kilipatikana kwenye sanduku la marehemu fulani, kikarudishwa misheni, na katekista, sasa mzee wa fimbo, akanitumia ujumbe niende. Kurasa zilikuwa zimetobolewa lakini zinasomeka. Magdalena yumo. Baba yake Msukuma, jina lake limeandikwa, na kijiji chake pia: saa mbili kwa miguu kutoka hapo misheni. Aliletwa na kaka yake asome, na kaka yake alikuwa anakuja kumwona kila Jumapili. Hakuwahi kupotea. Hakuwahi kuvuka ziwa.

Mistari mitatu chini yake, mwandiko ule ule mzuri: Veronika, jina la nyumbani Nyanjura, baba Bwire, kutoka Majita, umri kama miaka tisa. Alibatizwa kitandani siku aliyoshushwa kwenye mtumbwi, akazikwa kesho yake.